Mnada wa Shimanzi

Laki nne na nusu.
Ndizo nilizokuwa nazo, zimefungwa kwa kanga,
kanga ndani ya mkoba, mkoba chini ya kwapa.
Timbi mbili za mama zimebaki kwa sonara.
Alizipima mara mbili
na hakunitazama usoni.

Kaka yangu Shekuwe alikuja usiku wa kuamkia mnada.
"Mashine ya kukereza vyuma, Mwanatumu? Wewe?
Hata ukiipata,
nani atamletea mwanamke shafti yake?"
Nilikuwa napepeta mchele. Nikaendelea kupepeta.
Jibu nilikuwa nalo,
lakini lilikuwa linatetemeka,
na kitu kinachotetemeka hukitoi mbele ya Shekuwe.

Miaka kumi na sita nimeandika risiti za watu
kwenye karakana ya Bwana Jivanji, Changamwe,
nikisikia kupitia ukuta wa mbao
chuma kikiliwa na chuma, taratibu,
kama mtu amenyaye chungwa bila kukata ganda.
Mafundi wakienda kula, mimi naingia.
Fundi Mbwarali aliniachia mlango.
Alinifundisha rangi ya vinyolea:
vikiwa buluu, punguza mwendo;
vikiwa vyeupe, haya, endelea.
Sijamwambia mtu kuwa mkono huu
umekereza bushi arobaini na moja
zilizouzwa kwa jina la mwingine.
Nilizihesabu.

Wanasema kunguru mwoga hukimbiza ubawa wake.
Hawajamwona wa Marikiti,
akunyakuaye kiazi karai kikiwa njiani kuelekea mdomoni,
akatua juu ya mabati,
akala huku anakutazama.
Huyo ndiye niliyemwaza asubuhi ile
nje ya ghala, miguu ikiniambia
twende zetu nyumbani.

Ndani, wanaume thelathini na mashine moja.
Kijani, rangi imebanduka,
kitanda chake kirefu kuniliko,
kutu kidogo shingoni.
Dalali akaanza na laki mbili.
Nikanyamaza.
Mbili na nusu. Tatu.
Mtu wa Jomvu mwenye miwani alikuwa anatikisa kichwa tu,
kama anayekubali aongezewe chai.
Nne.
Mate yakawa na ladha ya sarafu.
Nikasikia sauti ikitaja nne na nusu,
nikageuka nimwone aliyesema.
Ghala zima lilikuwa linanitazama mimi.

Mwenye miwani akasema nne na sitini.

Hapo ndipo. Si pale pa kwanza;
pale pa kwanza nilikuwa na pesa.
"Laki tano," nikasema,
na hizo elfu hamsini za juu
sikuwa nazo popote duniani.

Nyundo ilipogonga nilikaa juu ya kreti
nikatafuta maji ya kunywa, sikupata.

Walinipa hadi Ijumaa.
Niliuza friji. Niliuza kabati la mninga.
Elfu nane za mwisho alileta Shekuwe:
akaziweka mezani, hakusalimu,
akatoka.

Sasa kila anipitaye ana methali yake:
maji umeyavulia nguo, bibi, yakoge.
Mimi sikuvua kitu, jamani.
Niliingia nazo zote,
zimelowa,
na uzito wake naubeba nikitembea.

Umeme wa fezi tatu bado. Nimeandika barua mbili.
Mashine imelala kwenye banda la Magongo chini ya turubai.
Usiku naenda na tochi na kopo la mafuta,
naifunua polepole
kama mtoto aliyeshikwa na homa,
nashika taya zake, nazizungusha kwa mkono.
Mzunguko mmoja.
Inasema *tki*.
Naogopa.
Nazungusha tena.